Herpesi: kidonda kinachoenda na kurudi

Nyinyi mabwana mnaosoma karatasi hii kwa kuichungulia mezani, leo msiifunge haraka.

Mwisho wa mkutano wa likelemba, mama mmoja alibaki nyuma wakati wenzake walikuwa wanapanga viti. Alikuwa na ulizo ambalo hakutaka kulitoa mbele ya watu. Amekubali tuliandike bila jina lake, kwa sababu alisema: "Kama mimi sikujua, wako wengine wasiojua."

Alitokwa na malengelenge madogo sehemu za siri. Yalipasuka, yakawa vidonda vya kuchoma. Kukojoa kulikuwa kama kumwagiwa pilipili. Akapata homa, na tezi zikavimba kwenye nyonga. Alinunua vidonge vya rangi mbili kwenye farmasi ya kona, akameza siku tano, havikufanya kitu. Bwana wake alipojua, alimwuliza neno moja tu: "Umeyatoa wapi?" Familia mbili zikaitana. Mama akarudishwa kwao na mtoto mgongoni, baada ya miaka 11 ya ndoa.

Nilimwuliza: "Na bwana wako hajapata kamwe kidonda kama hicho?"

Akafikiri. "Huko chini, hapana. Ni mdomoni tu, kila akiugua malaria."

Hapo ndipo mazungumzo yetu ya leo yanaanzia. Ugonjwa wa mama huyu unaitwa herpesi. Na vile vidonda vya mdomoni, ambavyo sisi tunasema ni homa inatoka, navyo ni herpesi. Homa haitoki kwa njia ya mdomo. Ni virusi vilivyokuwa vimelala mwilini, na homa imeviamsha.

Virusi vya herpesi viko vya aina mbili. Aina ya 1 hupenda mdomo, na wengi wetu tuliipata tungali watoto, kwa kubusiwa na watu wa nyumbani. Aina ya 2 hukaa sehemu za siri na hupitia katika tendo la ndoa. Lakini aina ya 1 haikufungiwa mdomoni. Kinywa chenye virusi kikigusa sehemu za siri, aina ya 1 hushuka na kukaa huko. Ninaandika wazi kwa sababu sisi ni watu wazima, na kunyamaza kumetugharimu.

Usifikiri ni ugonjwa wa watu wachache wenye tabia mbaya. Shirika la Afya Duniani, hilo tunaloliita OMS, linahesabu kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wana aina ya 1. Ni karibu watu wawili kwa kila watatu. Aina ya 2 iko kwa watu milioni 520 hivi wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Na sisi wanawake tunaipata zaidi, karibu mara mbili kuliko wanaume, kwa sababu virusi hupita kwa urahisi zaidi kutoka kwa mwanaume kwenda kwa mwanamke kuliko kinyume chake. Basi yule anayerudishwa kwao mara nyingi ndiye aliyeambukizwa.

Virusi vikiisha kuingia, havitoki tena. Hupanda kwenye mishipa ya fahamu na kulala huko kama moto chini ya majivu. Siku mwili ukichoka, ukipata homa, jua kali, huzuni nyingi, au siku za mwezi zikikaribia, vinaamka na kushuka mahali pale pale au karibu yake. Wengi husikia dalili kwanza: ngozi inawasha, inachoma, inafanya kama sindano. Halafu malengelenge yanatoka. Mara ya kwanza ndiyo kali, inaweza kuchukua majuma mawili au matatu, wakati mwingine zaidi. Zinazofuata huwa fupi na nyepesi, na kwa watu wengi zinapungua kadiri miaka inavyoenda.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nyumba zinavunjika. Watu wengi wenye herpesi hawajui kama wanayo. Hawajaona kidonda, au walipata kikwaruzo kidogo wakafikiri ni kuumwa na mdudu. Mtu anaweza kukaa na virusi miaka mingi, halafu kidonda cha kwanza anachokiona kinatoka leo. Ni kweli kwamba kwa wale wanaopata dalili, mara nyingi zinaanza siku 2 hadi 12 baada ya kuambukizwa. Lakini hiyo si sheria kwa wote. Kwa hiyo kidonda cha leo hakisemi kwamba mtu alitoka nje ya ndoa juma lililopita. Kinaweza kuwa kilitoka kwa bwana, kwa bibi, kwa mchumba wa zamani kabla ya mahari, au kwa mdomo wa bwana ambaye anaugua malaria kila mvua. Hata kipimo cha damu hakionyeshi ni nani aliyeleta wala ni lini. Wazee wanaoketi kuamua mambo haya wajue kwamba wanaamua jambo ambalo hata muganga hawezi kuliamua.

(Sisemi kwamba biro ya pili haiko mjini mwetu. Iko, tunaijua. Ila kidonda si shahidi wake.)

Je, inapitia wapi? Ngozi ikigusa ngozi yenye virusi, hasa ngozi laini: midomo, uke, uume, njia ya haja kubwa. Mate pia, mtu akiwa na virusi mdomoni. Wakati wa malengelenge na vidonda vibichi ndio wa hatari kubwa, tangu ngozi inapoanza kuwasha mpaka kigaga kikauke na ngozi kurudi nzima. Lakini virusi vinaweza kupita hata siku ambayo ngozi ni safi kabisa na hakuna kinachouma. Ndiyo maana wengi waliambukizwa na mtu ambaye hakujua kitu na hakudanganya.

Chooni je? Kwetu kila ugonjwa wa mwanamke unaambiwa umetoka chooni. Herpesi haitoki chooni. Virusi vyake vikitoka mwilini havidumu, hivyo choo, beseni la kufulia, kiti cha kanisani na maji ya mto havikupi herpesi. Kikombe na kijiko ni jambo dogo, lakini mwenye kidonda kibichi mdomoni atumie chake mpaka kipone, pamoja na wembe na kitambaa chake cha uso.

Kuhusu kuzuia, nianze na lile gumu: siku za kidonda, hakuna tendo la ndoa, hata na kapoti. Kapoti inafunika sehemu moja tu, na kidonda kinaweza kuwa pembeni, kwenye paja au matako. Kidonda kikiwa mdomoni, hakuna kubusu na mdomo usishuke chini. Siku nyingine zote, kapoti inapunguza sana hatari, ingawa haiimalizi. Mkono ukigusa kidonda, unauosha kwa maji na sabuni papo hapo kabla ya kugusa jicho. Herpesi ikiingia jichoni inaweza kuharibu kuona, na mama anayefuta uso wa mtoto kwa mkono huo huo anaipeleka kwake.

Tena, aina ya 2 inafungulia Sida mlango. Aliye nayo anaweza kupata virusi vya Sida karibu mara 3 zaidi, akikutana na mtu mwenye virusi hivyo. Ukiambiwa una herpesi ya chini, omba na kipimo cha Sida siku hiyo hiyo, wewe na bwana.

Dawa iko, inaitwa asikloviri. Haiondoi virusi mwilini, ila inafupisha siku za maumivu, hasa ukianza mapema ngozi inapoanza kuwasha. Anayeumwa mara nyingi anaweza kupewa ya kila siku. Vile vidonge vya rangi mbili alivyonunua mama yetu ni vya kuua bakteria, virusi havivisikii. Na tafadhali, acheni kupaka dawa ya meno, ndimu, chumvi au majivu. Unachoma nyama iliyokwisha kuungua. Maji safi ya uvuguvugu, kukausha polepole, chupi ya pamba isiyobana, na paracetamoli kwa maumivu. Kukojoa kukiuma, jimwagie maji ya uvuguvugu wakati mkojo unatoka. Hilo dogo lilimfanya mama huyu kulala usiku.

Lakini usijipime mwenyewe kwa kusoma gazeti letu. Si kila kidonda cha chini ni herpesi. Kaswende inaleta kidonda ambacho mara nyingi hakiumi, kinajifunga chenyewe, halafu ugonjwa unaendelea ndani na unaweza kuua mimba. Na sisi watu wa Kivu tunajua kilichotokea Kamituga tangu 2023, wakati mpox ilianza kupitia katika kukutana kimwili, na vidonda vyake vya kwanza kwa wengi vilikuwa sehemu za siri. Nenda kituo cha afya kidonda kingali kibichi ili muganga akione. Ukingoja kikauke, atabaki kukisia.

Tufike kwa mtoto mchanga, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kufa.

Herpesi kwa mtoto mchanga si ya kila siku. Duniani ni karibu watoto 10 kwa kila 100,000 wanaozaliwa. Ila inapompata, inaweza kuingia kwenye ubongo, ini na mapafu. Hatari kubwa ni mama anayeambukizwa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mimba. Mwili wake haujapata wakati wa kutengeneza kinga ya kumpa mtoto. Mama aliyekuwa na herpesi tangu zamani amekwisha kumpa mtoto kinga tumboni, na hatari kwake ni ndogo sana, chini ya mtoto mmoja kwa mia. Kwa hiyo mama mwenye herpesi ya miaka mingi asiogope kuzaa. Aseme tu kwenye CPN, na aseme tena kwa mama mzalishaji siku ya uchungu: "Nina herpesi, leo nasikia kuchoma," au "leo sina kitu." Kidonda kikiwepo wakati wa uchungu, muganga anaweza kuamua kupasua ili mtoto asipite hapo. Anaweza pia kutoa asikloviri katika mwezi wa mwisho. Lakini hawezi kuamua juu ya kitu ulichoficha.

Na kama bwana ndiye anayepata vidonda, mdomoni au chini, na mama mjamzito hajapata kamwe, miezi mitatu ya mwisho wajizuie. Bwana anayesoma: ni miezi mitatu.

Mtoto akizaliwa, njia inayobaki ni busu. Mtoto wa majuma manne ya kwanza hana nguvu ya kupigana na virusi hivi. Mtu yeyote mwenye kidonda cha mdomoni asimbusu, hata akiwa mama mwenyewe, hata akiwa pasta aliyekuja kuombea. Mama mwenye kidonda cha mdomo akifunike, aoshe mikono, aendelee kunyonyesha. Maziwa hayana neno. Ila kidonda kikiwa kwenye ziwa, asinyonyeshe upande huo mpaka upone. Akamue na kumwaga maziwa yaliyogusa kidonda, na mtoto anyonye upande mwingine.

Mtoto mchanga akitokwa na malengelenge, akikataa ziwa, akilegea kama kitambaa, akipata homa au mwili kuwa baridi, au akishtukashtuka, usingoje asubuhi. Ni hospitali, na useme kama kuna mtu aliyekuwa na kidonda nyumbani. Kuna asikloviri ya sindano ya mshipa inayookoa watoto hao, lakini inataka kuanza mapema.

Mama yetu aliniuliza pia jinsi ya kumwambia bwana. Nilimshauri asimwambie kitandani wala mbele ya wazee. Achague saa ambayo watoto wamelala na hakuna aliyekunywa. Aanze na kile alichoambiwa na muganga, si na lawama: "Nilipimwa, ni herpesi. Inaweza kuwa ilikaa kwangu au kwako miaka yote bila sisi kujua. Muganga anataka tuende wote wawili." Alikwenda na maneno hayo, na karatasi ya kituo cha afya mkononi. Bwana hakujibu siku ile. Juma lililofuata alikuja kumwona kwa wazazi wake, akakaa uani, akauliza kama kidonda cha malaria ndicho hicho hicho. Mama bado yuko kwao tunapoandika. Wana siku ya kwenda pamoja kwa muganga.

Nimalize na ulizo la koko mmoja aliyesikia mazungumzo haya akakasirika. "Sasa mjukuu wangu nimsalimie namna gani, kama mgeni?" Koko, kidonda kikiwepo, mshike miguu. Mwimbie. Mbebe mgongoni kwa kikwembe, mdomo wako uko mbele, yeye yuko nyuma. Kigaga kikianguka na ngozi ikirudi nzima, umbusu miguu na mikono. Mdomo na macho yake myaache mpaka akue kidogo.