Korongo wa Ruma wanatuhusu pia

Hivi majuzi nilihudhuria mjadala wa wanafunzi hapa Nyakoe. Hoja ilikuwa kwamba wanyama wakubwa warejeshwe katika nchi ya Wagusii. Waliounga mkono walishangiliwa kwa vifijo, mimi nilinyamaza. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni moja na robo katika Kaunti ya Kisii, karibu 960 kwa kila kilomita mraba. Ndovu atakanyaga wapi ila juu ya migomba na majani chai ya watu?

Hata hivyo, wapinzani ndio walionikera zaidi. Walisema kuwa madhali hatuna nafasi, jambo hilo halituhusu. Halituhusu vipi, na Wanchari mnyama wa ukoo wao ni kiboko? Mafundi wetu wa Tabaka huchonga twiga na vifaru usiku na mchana, na ninachelea kwamba watoto wengi wa hapa humjua faru wa jiwe tu.

Si mbali nasi, katika bonde la Lambwe kaunti ya Homa Bay, ipo Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye kilomita mraba 120. Vifaru waliletwa huko mwaka 2012 na kuwekewa ulinzi. Aidha, hayo ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Simsemi ndege, namsema yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe na pembe zilizopinda nyuma. Mitego ya majangili na kupungua kwa makao yake vimemmaliza. Sensa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilipata 15 pekee katika Kenya nzima. Darasa langu moja lina watoto mara tatu ya hao!

Wenyeji wa Lambwe walivumilia mbung'o na malale kwa miaka mingi kandokando ya pori hilo. Je, sisi tumechangia nini? Kila mwaka shule zetu hukodi mabasi kwenda Mombasa, nami nimewahi kusimamia safari hizo bila kuwaza kwingine.

Muhula ujao nimeomba basi letu lielekee Ruma. Mwalimu mwenzangu ameniuliza kuna nini cha kuonwa huko. Nimemwambia aniwekee kiti karibu na chake, nitamweleza njiani.