Tumpime Mzee Nyachae Wangali Hai Waliomjua

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, nani kati yetu hajaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya hema la mazishi, akasikiliza wasifu wa marehemu hadi mgongo ukauma? Marehemu hakumdhulumu mtu, hakukosea, hata hakuwahi kukasirika. Kisha shughuli inaisha, watu wanashika njia kuelekea steji, na huko njiani, kwa sauti za chini, ndiko habari zake zenyewe zinakoanza. Mazungumzo ya njiani ndiyo ninayoomba tuyafanye juu ya Mzee Simeon Nyachae.

Alifariki Februari 2021, siku chache kabla ya kutimiza miaka 89. Mwana huyo wa Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari alikuwa mkuu wa mkoa Bonde la Ufa na Kati, akapanda hadi kuwa mkuu wa utumishi wa umma mwaka 1984, kisha akaingia bungeni 1992. Alipokabidhiwa Wizara ya Fedha mwaka 1998 alisema waziwazi kuwa hali ya uchumi ilikuwa mbaya. Februari 1999 akahamishiwa Viwanda. Akajiuzulu. Katika nchi ambayo mawaziri huing'ang'ania bendera ya gari mpaka inyofolewe, hilo si jambo dogo.

Lakini utawala wa mikoa aliokulia ndani yake ndio uliokuwa mkono wa serikali ya chama kimoja. George Anyona wa Kitutu Mashariki, mtoto wa Gusii kama yeye, aliwekwa kizuizini 1977 na tena 1982, huku Nyachae akipanda ngazi serikalini. Wenzetu wa Nyamira, alikotoka Anyona, hawajasahau, na wana haki ya kutosahau.

Kuna pia suala la biashara. Ripoti ya Tume ya Ndegwa ya 1971 iliwaruhusu watumishi wa umma kufanya biashara, na Nyachae alifanya. Mkate wa Sansora, kampuni yake, tumeula, na vijana wetu wamepata kazi huko. Hata hivyo, afisa mkubwa anapokuwa pia mwenye kampuni, anatia sahihi akiwa amevaa kofia gani? Swali hilo wazee walilimezea.

Halafu 2002. Raila alipomnadi Kibaki kuwa mgombea wa upinzani, Nyachae alijitenga na muungano wao, akawania urais kwa tiketi ya Ford-People na kuwa wa tatu, na takriban kura 345,000. Gusii ilimfuata, Kenya ikaenda kwingine. Miaka miwili baadaye akaingia baraza la Kibaki huyohuyo, na mwaka 2007 wapiga kura wa Nyaribari Chache wakampumzisha. Kwa maoni yangu alikosea 2002 na alikuwa sahihi 1999. Sioni sababu ya moja kulifuta jingine. Mtu wa katikati huponzwa na hilo: mkali kama Anyona kila mtu anajua amsimamishe upande gani, lakini mpole wa ofisini tunamsifu tu, au tunamsengenya tu.

Sasa ombi langu. Maafisa waliokuwa vijana mwaka 1983, mpango wa kupeleka maendeleo wilayani aliousimamia ulipoanza, leo wamevuka miaka 70. Desemba hii ukirudi nyumbani, tafuta mmoja: karani mstaafu, mwalimu, chifu wa zamani, mkulima wa chai. Chukua daftari la shule. Muulize Nyachae alimfanyia nini, na alimnyima nini; andika mwaka na mahali. Januari lipeleke daftari hilo kwenye maktaba ya shule iliyo karibu nawe, watoto walisome. Na mzee akikwambia jambo ambalo kule Nyaribari hawatalipenda, liandike vilevile.