Altezza zimefika Rubya, uwanja haujafika

Leo tuweke pembeni kidogo siasa na bei ya kahawa, tuongelee ndinga. Najua kuna watakaosema jamaa kaishiwa mada. Ngojeni kwanza. Ndani ya hii habari ya magari kuna kodi, kuna sheria na kuna roho za watu, na vyote vinatugusa sisi wa Bukoba na Muleba.

Pita barabara ya Bukoba kwenda Muleba wakati wa Krismasi, ndugu zetu wa Dar na Mwanza wakiwa wamerudi nyumbani. Utaziona: Toyota Altezza, Subaru Impreza, Mark II, zimeshushwa mpaka zinakaribia kulamba lami, rimu zinameta, bomba la moshi linapiga kelele mpaka mtoto aliyelala anaamka. Hata huku Rubya, ambako gari tulizozizoea ni za hospitali, za seminari na Hiace za abiria, mlio wa Subaru haumshangazi mtu tena.

Vijana wanashinda mtandaoni wakiwaangalia Wajapani na Waingereza. Jamaa ananunua gari ya spoti ya kutembelea, anairekebisha kidogo kidogo, Jumamosi anaipeleka kwenye uwanja wa mbio anashindana na saa, jioni anarudi nayo nyumbani. Jumatatu anaiendea kazini. Wala si dereva wa kulipwa, ni mtu wa kawaida kama wewe na mimi. Mchezo mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni kwamba sisi tumeiga nusu ya kwanza tu. Gari tunarekebisha, uwanja hatuna. Basi nusu ya pili inachezwa kwenye barabara ileile anayopita mama na mkungu wa ndizi kichwani.

KWA NINI GARI HIZI ZIPO KWETU?

Majirani wamefunga milango. Kenya haipokei gari ya mtumba iliyozidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 walipitisha sheria ya kuzuia zilizozidi miaka 15. Sisi Bongo hatukufunga, tuliweka kodi. Kwa viwango vilivyotumika miaka mingi, gari ndogo ya miaka 8 mpaka 10 inaongezewa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na ikizidi miaka 10 inaongezewa asilimia 30. Hapo hujaweka ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa ukubwa wa injini (asilimia 5 kwa cc 1001 mpaka 2000, asilimia 10 ikizidi hapo), na VAT asilimia 18.

Sasa piga hesabu. Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998 mpaka 2005. Yaani hata ile iliyotoka kiwandani mwisho kabisa sasa ni mtu mzima wa miaka 20 na kitu. Kijana anayeileta anabeba kodi ya uchakavu yote, na akimaliza bandarini mfuko umetoboka. Kinachobaki ndiyo bajeti ya kurekebisha. Na hicho kidogo kinaenda wapi? Kinaenda kwenye kitu kinachoonekana na kusikika: rimu, stika, bomba la moshi. Sisi Wahaya tunavyotaniwa kwa kupenda sifa, hapo sina haja ya kueleza sana.

Matokeo yake tuna gari za miaka 20 zenye sauti mpya na breki za zamani.

HEWA YETU NAYO INA LAKE

Hili wengi hawalijui. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu vya Muleba viko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, kwa hiyo nguvu inapungua karibu kiwango hicho. Altezza RS200 iliuzwa Japani kwa sifa ya hosipawa 210. Hapa Bukoba, hata ikiwa mpya kabisa, isingezitoa zote. Ile AS200 yenye hosipawa 160 ndiyo usiseme.

Halafu mtu anakata bomba la moshi akiamini ameongeza nguvu. Ndugu yangu, ulichoongeza zaidi ni kelele. Mwenye Subaru ya tabo ana nafuu kidogo, maana tabo inaisukuma hewa kwa nguvu, lakini naye injini yake ni ya siku nyingi na joto ndiyo adui yake.

TUREKEBISHE NINI KWANZA?

Nimekaa na mafundi wa hapa na kule, nimesoma, nimeuliza. Mpangilio ambao wanaojua wanakubaliana ni kinyume kabisa na tunavyofanya. Injini inakuwa ya mwisho.

Kwanza breki. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza inaongezeka mara nne. Gari inayotoka 100 kusimama inapasha diski joto mara nne ya ile inayotoka 50. Ukifanya hivyo mara moja, sawa. Ukifanya kona baada ya kona, pedi za bei rahisi zinapoteza mshiko na mafuta ya breki yanaanza kuchemka. Yakichemka yanatoa povu, na povu halisukumi kitu. Unakanyaga, pedali inazama mpaka chini, gari inaendelea na safari. Na mafuta haya yananyonya unyevu. DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemkia 155. Huku kwetu mvua inanyesha karibu mwaka mzima, halafu mtu ana gari miaka mitano hajawahi kuyabadilisha! Kubadilisha mafuta ya breki na kuweka pedi nzuri ni bei ndogo kuliko rimu moja.

Pili tairi. Rimu inchi 18 yenye tairi ya mtumba iliyokauka ni urembo tu. Angalia ubavuni mwa tairi kuna namba nne. Ikiandikwa 0812 maana yake ilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2012. Kashata zinaweza kuwa nzuri kwa macho huku mpira umeshakuwa mgumu kama ubao. Kwenye lami yenye maji ya mvua ya Kagera, huo ubao unateleza.

Tatu shokapu, springi na bushi. Hapa ndipo ninapoumia zaidi. Kukata springi kwa grainda ni ugonjwa wa mtaa. Gari inashuka kweli, lakini shokapu haijabadilika, haina tena nafasi ya kucheza, ikipiga shimo inagonga mwisho na tairi inaruka juu ya lami. Tairi iliyo hewani haipigi breki wala haikati kona. Anayetaka kushusha gari atafute springi na shokapu zilizotengenezwa ziende pamoja. Hana hela? Abaki na za kiwandani na abadilishe bushi zilizokufa. Gari ya miaka 20 ukiiwekea bushi mpya utashangaa inavyotulia.

Nne joto na oili. Fundi wengi wa mtaani gari ikichemka wanatoa themostati wanatupa. Hiyo si dawa, ni kuficha ugonjwa. Rejeta isafishwe, feni ifanye kazi, oili iwe kwenye kiwango, maana kwenye kona ndefu ya kasi oili inakimbilia upande mmoja na injini inaweza kukosa kabisa.

Tano dereva mwenyewe. Mkanda unaofunga kweli, helmeti, kiti ambacho hakitembei, kizima moto karibu na mkono. Hayo yakikamilika ndiyo tuongee habari za nguvu.

ANAYESEMA NGUVU NDIYO KILA KITU ASOME HISTORIA

Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na akarudia 1967, mara zote mbili na mwenzake Chris Rothwell. Walikuwa na nini? Peugeot 404, gari ya familia. Walishinda kwa sababu gari ilifika.

Mwaka 1993 Subaru walikuja Safari na kigari kinaitwa Vivio, injini cc 660, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Colin McRae, kijana machachari, aliondoka nayo kama mshale mpaka ikamvunjikia njiani. Mkenya Patrick Njiru, na Vivio hiyohiyo, alifika mwisho akiwa wa 12. Anayetaka kumpa mwenzake somo la kurekebisha gari ampe hilo.

SASA TUKAKIMBIZIE WAPI?

Hapa ndipo penye kiini. Kenya wana otokrosi, ambapo gari moja moja inaingia kwenye kiwanja cha vumbi kilichowekwa alama na kushindana na saa. Kuna siku wamefunga barabara kule Kiambu kwa kibali, wakaita Kiamburing, kila mtu na gari yake ya mtaani iliyorekebishwa. Na tangu 2021 mashindano ya dunia yamerudi Naivasha. Kwetu Tanzania kuna mbio za magari za Arusha, Morogoro, Tanga, Iringa. Kuna Chama cha Magari Tanzania, AAT, ambacho ni mwanachama wa shirikisho la dunia la FIA. Lakini kijana wa Rubya mwenye Altezza anasafiri siku nzima kuzifuata, na mbio zenyewe ni za gari zilizoandaliwa kwa gharama ambayo hataiona maishani.

Kuna watakaoniambia: mkoa una shida za maji, barabara ya Muleba–Kanyambogo–Rubya tumeisikia kwenye bajeti mpaka tumechoka, wewe unataka uwanja wa mbio? Hoja yao ina uzito, siibezi. Ila mimi siombi lami wala majukwaa. Otokrosi inahitaji kiwanja kipana cha changarawe mbali na nyumba, matairi mabovu ya kuweka alama, saa, mtu wa kukagua breki na mikanda kabla ya gari kuingia, gari ya wagonjwa ikiwa imesimama pale, na kibali cha polisi na halmashauri. Gari moja kwa wakati mmoja, hakuna kugongana. Mwendo wenyewe si wa kutisha, lakini kijana anajifunza kona na breki kuliko mwaka mzima wa kujitapa barabarani. Washiriki wanalipa kiingilio, VETA Kagera wanaleta wanafunzi wa ufundi kukagua magari, AAT wanatoa kanuni. Mafundi wetu nao wanapata kazi yenye heshima kuliko kukata springi.

Je, itamaliza mbio za barabarani? Sidhani. Kuna ambao raha yao ni kuonekana na watu mjini, hao kiwanja cha vumbi hakitawavuta. Hao ni wa trafiki. Lakini kwa sasa trafiki anamwambia kijana "acha" na hana pa kumwelekeza. Nadhani ni vigumu kumkataza mtu kitu ambacho hujawahi kumpa mahali halali pa kukifanyia.

Na tusijidanganye kuhusu gharama ya kukaa kimya. Kwenye makazi mwendo ni 50, tunajua. Bima nyingi hazigusi ajali ya mashindano ya mwendo, soma karatasi yako vizuri. Gari ikimshinda dereva kwenye kona ya Muleba, anayelipa mara nyingi siye dereva. Ni bodaboda aliyekuwa anakuja na abiria wake, ni mwanafunzi aliyekuwa anatembea pembeni maana barabara haina njia ya miguu. Na wote wanaishia wodi moja, Rubya hospitali, damu ikitafutwa kwa ndugu.

Kwa hiyo wito wangu ni mwepesi. Mwenye ndinga, wiki hii kabla hujanunua kingine chochote, badilisha mafuta ya breki na usome namba ya tairi zako. Madiwani na wakubwa wa michezo wa mkoa, mkae na AAT mtutafutie kiwanja kimoja, siku moja kwa mwezi, tuone.

Wadau wa Bukoba, Kamachumu, Muleba na mlioko nje, mnasemaje? Kiwanja gani kinafaa? Na nyie mafundi, kama kuna nilipokosea kwenye mambo ya ufundi, nisahihisheni hapo chini bila matusi. Nawakilisha.