Uvimbe wa ulimi usipimwe kwa upana pekee

Saratani ya ulimi inapogunduliwa mapema, mgonjwa huambiwa kuwa uvimbe wake ni mdogo, naye akamshukuru Mungu. Neno hilo "mdogo" ndilo linalonikera. Mimi si tabibu, ni mwalimu wa isimu. Lakini kivumishi kisicho na kipimo chaweza kumpoteza mtu.

Chukua wagonjwa wawili, kila mmoja na uvimbe wenye upana wa sentimita 1.5. Kwa macho ni sawa. Chini ya hadubini, mmoja umezama milimita 2 katika nyama ya ulimi, mwingine 8. Kadiri kina kinavyozidi, ndivyo inavyozidi hatari ya saratani kufika katika mitoki ya shingo, hata kabla shingo haijavimba. Ndiyo sababu mwongozo wa Marekani wa kupanga madaraja ya saratani, ulioanza kutumika huko mwaka 2018, ulikiingiza kina: kikipita milimita 5, uvimbe huo huo hutoka daraja la kwanza ukaingia la pili.

Mtaalamu hutazama pia kama seli za saratani zimetambaa kandokando ya neva, au kama zimejitenga ukingoni mwa uvimbe kwa vishada vya seli zisizofika tano. Hizo ni dalili mbaya.

Haya si mapambo ya ripoti. Utafiti wa hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, uliochapishwa mwaka 2015, ulihusu saratani changa ya kinywa, aghalabu ya ulimi. Waliopasuliwa shingo papo hapo, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 3. Waliosubiri hadi mitoki ijitokeze, asilimia 67.5. Hata hivyo, upasuaji huo waweza kudhoofisha bega, na si kila mgonjwa anayeuhitaji. Kina husaidia kuamua.

Nimewahi kuombwa kufasiri ripoti za namna hii, nyingine hazitaji kina kabisa. Wako wanaodai kuwa Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Kina, neva, mitoki, milimita: lipi limekosekana hapo? Nashikilia kwamba kila ripoti itaje kina na hali ya neva, na mgonjwa asomewe kwa lugha anayoielewa kabla hajatia sahihi ya kukubali upasuaji, au ya kuukataa.