Uwanja wa Shabaha Hauna Muhali

Leo nasema na wenzangu wenye silaha za leseni, hasa sisi tulio wanachama wa klabu za kulenga shabaha, na ninalotaka kulisema ni juu ya muhali. Tumelelewa tusimvunjie mtu heshima mbele za watu. Mzee akikosea, tunatazama chini. Rafiki akiteleza, tunasema tutamwambia faraghani, na mara nyingi faragha hiyo haifiki. Kwenye arusi na matanga adabu hii imetufaa sana. Kwenye uwanja wa shabaha inaweza kumzika mtu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Jumamosi moja mwaka jana, katika klabu moja nje kidogo ya Nairobi, tulikuwa watu sita kwenye mstari wa kupigia. Kulia kwangu alisimama Mzee aliyenidhamini nilipoomba uanachama, mtu aliyemiliki bastola tangu mimi niko shule ya msingi. Siku hiyo alikuwa akipiga vizuri. Matundu yake yote yalikaa ndani ya eneo la kiganja cha mkono. Mara ganda moja la risasi likaruka, likagonga mbao zilizotutenga, likatumbukia ndani ya kola ya shati lake. Aliyewahi kuguswa na ganda lililotoka chemba papo hapo anaujua moto wake. Mzee alishtuka, mkono wa kushoto ukakimbilia shingoni, mwili ukageuka, na bastola ikageuka pamoja na mwili. Niliuona mdomo wa mtutu, kitundu cheusi, ukipita usawa wa kifua changu. Kidole chake kilikuwa bado kwenye traiga.

Sikusema neno. Nilirudi nyuma hatua moja, nikajifanya natengeneza viziba masikio vyangu.

Aliyesema ni binti aliyekuwa msimamizi wa zamu, ambaye nadhani hajatimiza miaka thelathini. "Sitisheni! Hakuna kupiga!" Kisha akasogea kwa Mzee, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mzee, samahani. Elekeza mtutu kwenye tuta. Toa magazini. Vuta nyuma nione chemba. Asante. Kwa leo umemaliza." Mzee alifunga bastola yake sandukuni, akaondoka. Waliobaki wakaanza kunong'ona kwamba mtoto wa juzi amemwaibisha mtu mzima.

Mimi nasema alituokoa, na nataka tulizungumze jambo hili bila kufichana. Hoja ninayoisikia kila mara ni ya uzoefu: huyu ameshika silaha miaka mingi, anajua anachofanya. Lakini ganda la moto halimuulizi mtu ana miaka mingapi. Shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha wa vitendo, IPSC, lililoanzishwa mwaka 1976 mjini Columbia, Missouri, kule Marekani, lina kanuni kwamba mshindani ambaye mtutu wake unavuka nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa shabaha anatolewa mashindanoni. Akiangusha bastola yenye risasi, anatolewa pia. Hata awe bingwa wa dunia, atafungasha na kwenda nyumbani. Waliotunga kanuni hiyo hawakuwa wakiwadharau mabingwa. Walijua kwamba hata mkono hodari hushtuka, na unaposhtuka hauna muda wa kukumbuka sifa zake.

Rais wa kwanza wa shirikisho hilo, Jeff Cooper, ndiye aliyezipa umaarufu kanuni nne ambazo wengi wetu tulifundishwa siku ya kwanza. Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiangamiza. Kidole kikae nje ya traiga mpaka umeshalenga. Ijue shabaha yako, na ujue kilichoko nyuma yake. Tunazikariri vizuri; tulichosahau ni kwamba zinashikana mikono. Ukivunja moja, nyingine bado inamkinga jirani yako. Kidole cha Mzee kingekuwa kimenyooka ubavuni mwa bastola, mimi ningeondoka pale na hofu tu. Alivunja mbili kwa pamoja, na hapo hakuna kilichobaki kati yangu na kaburi isipokuwa bahati.

Halafu kuna walio ng'ambo ya tuta la udongo lililo nyuma ya shabaha. Risasi ya milimita tisa inaweza kuruka zaidi ya kilomita moja na nusu. Hata zile ndogo za .22, ambazo wengine huziona za kuchezea, pakiti zake huchapishwa onyo kuhusu mwendo wake wa mbali. Mtutu ukiinuka kidogo tu kwa uzembe, risasi inapita juu ya udongo na kwenda kwa mama anayechuma chai, ambaye hajui kwamba klabu yetu ipo.

Tena kuna hatari ambayo jirani huiona kabla ya mpigaji mwenyewe. Risasi mbovu, yenye baruti kidogo, hutoa mlio dhaifu, kama mtu amepiga debe, na kichwa chake hukwama ndani ya mtutu. Mpigaji aliyeshikwa na haraka anafyatua ya pili, na mtutu unaweza kupasuka mkononi mwake. Wewe uliye pembeni umesikia mlio ule. Ukinyamaza kwa kuogopa kumkatiza bwana mkubwa, lawama ya vidole vyake itakuwa yako pia. Na risasi ikigoma kulipuka, mtutu ubaki umeelekea kwenye tuta kwa sekunde 30 au zaidi kabla ya kufunguliwa, maana baruti huweza kuchelewa kushika moto. Anayetaka kuchungulia, mzuie.

Desemba 2018 Serikali ya Kenya iliwataka raia wenye leseni za silaha wakaguliwe upya. Ilikuwa sawa. Lakini afisa aliyeko mezani anakagua karatasi na alama za vidole. Hawezi kuona jinsi mkono unavyokwenda mtu anapochoka, au anapotaka kupigwa picha akiwa ameshika bastola kwa madaha. Hilo tunaliona sisi, kila Jumamosi. Kwa hiyo ule uanachama tunaouonea fahari, wenye lango na daftari la wageni, haukuja kutupunguzia ukaguzi. Mgeni akija, macho yote yako kwake. Aliye hatarini kusahauliwa ni mwenyeji.

Mengine nayapitia haraka. Masikio yazibwe daima. Kinga ya leo huwezi kuinunua kesho baada ya kuwa kiziwi. Kinywaji kingojee mpaka silaha imefungiwa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumbeba mtoto, kwani risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachotoka mtutuni, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto zaidi.

Sasa nasikia kuna wenzetu wanaokusanya sahihi ili yule binti aondolewe usimamizi. Wanasema ni mkali, hajui kukaa na watu. Nawasihi waache. Mzee mwenyewe hajatia sahihi. Alirudi wiki mbili baadaye, akaweka sanduku lake mezani, akalifungua na kumwita: "Binti, njoo uangalie." Binti akainama, akachungulia chemba, kisha akaingiza ncha ya kidole kidogo kuhakikisha. Hakuharakisha, na Mzee hakumharakisha.

Mkutano mkuu wa klabu ni mwezi ujao. Wamependekeza kura ya siri. Mimi nitaomba tuinue mikono, na nitaunyoosha wangu kumtetea, wakiniona wote walioniona nikinyamaza siku ile.