Mashine Hailali Hapa

Saa tatu na nusu usiku nazima injini kabla ya kona, nashuka, naanza kusukuma. Mafuta hayajaisha. Ni kwamba sheria ya hosteli yetu inasema pikipiki isisikike baada ya saa mbili, na mimi bado nina matumaini ya kijinga kwamba siku moja nitafika getini kimya kimya, nimkute soja amesinzia, niingize Boxer yangu niifunge kwenye mti. Hajawahi kusinzia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Bado."

"Basi kaipeleke hiyo mashine kwanza, ndipo uje ule. Hailali hapa, wajua."

Najua. Nyuma yake, chini ya mwembe, taa ya geti inamulika nafasi kumi na mbili za magari zilizochorwa kwa chokaa, kila moja na kibao cha cheo cha mtu. Saa hizo kuna gari moja tu, tena hilo halijatoka pale tangu nijiunge na chuo. Limewekwa juu ya mawe, magurudumu hayapo, na kuku wa jirani wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Gari bovu lina pa kulala. Kuku wana pa kulala. Mimi nageuza pikipiki, narudi barabarani, naisukuma hadi kwenye ploti ya mama mmoja nyuma ya soko la Kaloleni, ambako nalipa shilingi hamsini kila usiku.

Sitakitaja chuo. Ukiwa unasoma popote kati ya Mariakani na Malindi huenda ukadhani ni chako, na pengine hutakuwa umekosea sana.

Finje ni nini, utasema. Chai na chapati mbili. Haya, tupige hesabu pamoja. Hamsini mara siku thelathini ni 1,500. Kitanda changu hosteli, pamoja na maji yanayotoka siku yanapojisikia, ni 3,000 kwa mwezi. Yaani pikipiki inalipa nusu ya kodi ninayolipa mimi, na haina hata godoro. Semesta ya miezi minne inameza 6,000 kwa kuegesha chombo ambacho kinasimama mita mia nne kutoka kwenye uwanja mtupu, wenye taa, wenye ukuta, wenye mlinzi aliyekwisha kulipwa.

Sasa wako wanaonicheka. Mwanafunzi na pikipiki, wapi na wapi? Si angekuja chuo kwa miguu kama wenzake? Wanaosema hivyo wanadhani pikipiki ni starehe. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zenye injini isiyofika sisi 250, na tangu hapo bodaboda imekuwa kazi ya kwanza ya vijana wengi nchini, wawe na cheti au wasiwe nacho. Huku kwetu juu, lami kubwa ni ile moja inayotoka Mariakani, ikapita Kaloleni, ikateremka mpaka Mavueni. Ukishaiacha hiyo lami, unakwenda kwa miguu au kwa boda. Mama mwenye magunia ya nazi, mgonjwa anayepelekwa St. Luke's, mwalimu aliyechelewa zamu: wote wanabebwa na mtu, na wakati mwingine mtu huyo ni mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyevua begi la vitabu akavaa reflekta.

Mimi natoka darasani saa kumi, nashika steji mpaka saa tatu. Jioni nzuri naingiza mia saba. Mafuta mia mbili. Mkopo wa pikipiki, mia tatu na hamsini kila siku, jua liwake mvua inyeshe. Inabaki mia na hamsini, na kabla sijatia kitu tumboni, theluthi yake imekwenda kulaza mashine. Hiyo inayobaki ndiyo karo, ndiyo fotokopi, ndiyo chakula. Kwa hiyo mtu akiniambia maegesho ni suala dogo, namwelewa vizuri sana: yeye hajawahi kulipia.

Na mimi ndiye mwenye bahati. Tuko kumi na wanne pale chuoni wenye pikipiki, nimetuhesabu. Mmoja amehama hosteli kabisa, amekodi chumba kimoja cha mabati ili alale na yake ndani. Nimekitembelea hicho chumba. Kitanda, meko ya gesi ya kilo sita, na pikipiki yenye tangi la petroli, vyote kwenye nafasi ambayo ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili. Usiku anafungua dirisha kwa ajili ya harufu ya mafuta, mbu wanaingia; akilifunga, anaamka na kichwa kinamgonga. Akitaka kupika chai anaisukuma mashine nje kwanza, kisha anasimama mlangoni kuichunga huku maji yakichemka. Chuo kilikataza pikipiki hosteli kwa sababu ya usalama. Basi usalama wenyewe umehamia pale, kwenye chumba cha mabati.

Mwingine alikuwa anaifunga kwa mnyororo kwenye mnazi, nje ya mangweni, kwa kuwa mwenye mangwe alimwonea huruma akawa hamtozi. (Mtu wa pwani hapaki chini ya mnazi kwa hiari yake. Nazi haichagui kioo.) Asubuhi moja alikuta mnazi upo, mnyororo upo, umekatwa. Bima ilikuwa imeisha mwezi uliotangulia. Mkopo haukuisha. Aliyemkopesha aliendelea kupiga simu kila siku akidai malipo ya pikipiki ambayo haipo, na kabla ya semesta kwisha yule kijana akarudi nyumbani Mwanamwinga. Hakufukuzwa chuo. Kwenye rejista imeandikwa ameacha masomo kwa hiari.

Wa tatu ni dada, peke yake katika sisi kumi na wanne. Anaendesha vizuri kuniliko, na kina mama wa sokoni humngoja yeye. Lakini anaacha kazi saa kumi na mbili jioni, pale pale wateja wanapoongezeka, kwa sababu kutoka kwenye ploti anakoiacha pikipiki mpaka getini ni kichochoro kisicho na taa, na hawezi kukipita peke yake saa tatu usiku. Sheria ya maegesho haikumtaja mwanamke popote. Imemkata nusu ya mapato yake hivyo hivyo.

Tuliandika barua, saini kumi na nne. Jibu lilikuja la mistari mitatu: usalama, kelele, na kwamba maegesho ni ya wafanyakazi.

Kelele sitaijadili sana. Tunasukuma kwa mikono, na stima ikipotea jenereta la chuo linanguruma mpaka alfajiri bila mtu kuliandikia barua. Usalama nao, hebu tuseme ukweli: soja yupo, ukuta upo, taa inawaka usiku kucha. Wanailinda chokaa.

Ule mstari wa tatu ndio wenye kiini. Maegesho ni ya wafanyakazi. Clark Kerr, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha California kuanzia 1958 hadi 1967, alikuwa na mzaha wake kwamba kinachowaunganisha wahadhiri wa chuo kikuu ni kulalamikia maegesho. Kwetu wala hawana la kulalamika. Wanakuja saa mbili asubuhi, wanaondoka saa kumi na moja, na uwanja unabaki umetengwa kwa heshima ya vibao vyao saa kumi na tano kila siku, Jumamosi na Jumapili kutwa nzima. Sina ugomvi na mhadhiri kupaki chini ya mwembe mchana. Anastahili kivuli. Ninachouliza ni kivuli gani anachokihitaji saa sita usiku, naye amelala kwake.

Kuna mtu aliyefikiria mambo haya maisha yake yote. Donald Shoup, mwalimu wa mipango ya miji pale UCLA, aliyefariki mwaka 2025, mwaka 2005 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu gharama ya maegesho ya bure. Hoja yake ukiipunguza ni hii: hakuna maegesho ya bure. Ardhi ina bei, taa ina bili, na ikiwa mwenye gari halipi, basi gharama imefichwa mahali pengine na inalipwa hata na asiye na gari. Nilipoielewa hoja hiyo nilikwenda nikatazama upya zile nafasi kumi na mbili. Chokaa ile inanunuliwa kwa pesa gani? Soja analipwa na nani? Kibarua anayefagia majani ya mwembe kila asubuhi? Sehemu yake inatoka kwenye karo. Wanafunzi tunachangia uwanja ambao haturuhusiwi kuukanyaga na gurudumu, kisha tunakwenda kununua uwanja mwingine nyuma ya soko. Tunalipa mara mbili, tunalala mara moja.

Nitakuwa mkweli, maana kuna msomaji anayemjua Shoup: mzee yule hangekuja Kaloleni kunitetea nipaki bure. Angesema toza bei. Nami nasema sawa, tozeni! Sijawahi kuomba bure. Shilingi kumi kwa usiku, pikipiki kumi na nne, siku thelathini, ni 4,200 kwa mwezi. Kwa pesa hiyo fundi wa kuchomelea pale mjini anatengeneza chuma cha kufungia minyororo, na mzee wa geti anapata kidogo juu ya mshahara kwa kushika daftari la namba. Chuo kinaingiza pesa ambazo sasa hakiingizi, na mimi nabaki na arubaini kila usiku. Nimejaribu kutafuta nani anayeumia hapo. Nimempata mama wa ploti.

Na yeye simlaumu. Aliona shida akaweka bei. Ana mbwa, ana taa moja, anaamka mtu akigonga. Anatoa huduma, anatoza kwa huduma. Katiba ya 2010 yenyewe inakwenda hivyo: Jedwali la Nne limeyataja maegesho kwa jina, likayaweka chini ya kaunti pamoja na taa za barabarani, na ibara ya 209 inaruhusu serikali kutoza kwa huduma inazotoa. Maegesho yana sheria yake, yana bajeti yake, yana kesi zake. Nairobi ilipopandisha ada kutoka 140 hadi 300 kwa siku mwaka 2013, nchi nzima ilisikia, na kesi ikafika Mahakama Kuu. Ya kwetu haina wa kuipeleka huko. Finje haikodi wakili.

Angalau ingekuwa na viongozi wa wanafunzi. Kila mwaka wanapita vyumbani wakiomba kura, wanaahidi waifai, wanaahidi bashi ya kufungia semesta, na mmoja mwaka huu ameahidi meza ya pool. Nilimsimamisha nikamuuliza kuhusu pikipiki. Akaniambia, "Bro, hiyo ni ishu ya watu wachache." Kisha akaniomba nimbebe mpaka steji, kwa mkopo. Nilimbeba. Bado hajalipa.

Watu wachache ni kweli. Wako pia wanaohofia kwamba tukiruhusiwa sisi, kesho zitaletwa hamsini, na keshokutwa steji nzima itahamia hosteli. Basi wekeni daftari. Kitambulisho cha chuo, namba ya pikipiki, kuingia baada ya saa kumi na moja, kutoka kabla ya saa moja asubuhi, asiye mwanafunzi asipite. Nafasi moja ya gari ile ya chokaa nimeipima kwa futi ya fundi: urefu mita tano, upana mbili na nusu. Zinaingia pikipiki tano bila kugusana vioo. Kwa hiyo sisi kumi na wanne tunaomba nafasi tatu katika kumi na mbili, usiku tu, wakati zote ni tupu. Zinabaki tisa kwa mhadhiri yeyote atakayekumbuka kitu ofisini usiku wa manane.

Jana mama wa ploti ameniambia kuanzia mwezi ujao ni sabini. Mbwa amezaa, anasema, na chakula kimepanda. Sabini mara thelathini ni 2,100. Nimelala nikiigawanya hiyo hesabu kila namna, na kila namna inaniambia nibaki steji mpaka saa nne.

Barua ya pili tunaipeleka Jumatatu, safari hii na vipimo ndani. Mzee wa geti ameisoma usiku kwa tochi ya simu yangu, mstari kwa mstari, kidole chini ya kila neno. Akanirudishia, akasema nimesahau kitu: katika zile nafasi tatu tunazoomba, ya kwanza ndiyo yenye lile gari la mawe. "Litaondolewa na nani?" Nikamwambia tutalibeba wenyewe, tuko kumi na wanne. Akacheka, akasema basi tungoje kwanza vifaranga vitoke.