Wanataka Liyongo Asife

Mwezi wa Julai nilikwenda Machakos kumtazama mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye kazi ya ualimu imemtoa Lamu ikamfikisha chini ya vilima vya Iveti. Mji ni mzuri na watu wake ni wakarimu, ila baridi ile ya alfajiri sisi watu wa pwani hatukuizoea. Kila baada ya sala ya isha nilikuwa nikijitanda blanketi na kukaa na watoto mbele ya televisheni, na hapo ndipo nilipokutana na jambo ninalotaka kuzungumza nanyi leo, wasomaji wapenzi.

Watoto walikuwa wakitazama mchezo uitwao The Wheel of Time, yaani gurudumu la zama. Nilipouliza ni mambo gani hayo ya wanawake wenye kutupa moto kwa mikono, nikaelezwa kwa bidii ambayo laiti wangeitia katika kuhifadhi juzuu. Mchezo umetolewa katika vitabu 14 vya Mmarekani Robert Jordan. Cha kwanza kilitoka mwaka 1990. Mwenyewe alifariki mwaka 2007 kabla hajafika mwisho, na vitatu vilivyobaki vikatungwa na Brandon Sanderson kwa kufuata aliyoyaacha marehemu, hata kazi ikatimia mwaka 2013. Kampuni ya Amazon ilianza kuuonyesha mwaka 2021. Mwaka 2025, baada ya misimu mitatu tu, ikaukata.

“Babu, hadithi imekatwa katikati,” mkubwa wao akaniambia, kwa huzuni ya mtu aliyefiwa.

Akaniletea kitabu cha kwanza ili nione kwamba chote kimo humo. Nami nikafungua, nikivuta miwani karibu, na katika kurasa za mwanzo nikakutana na jina la adui mkubwa ambaye watu wa hadithi ile wanaogopa kumtaja. Jina lenyewe ni Shai'tan. Ulimi wangu ukatamka audhubillahi wenyewe kabla sijauamrisha, na watoto wakacheka mpaka mama yao akaja kuuliza kuna nini.

Sikucheka mimi. Jina lile nililifundishwa nikiwa na miaka mitano, nimekaa juu ya mkeka mbele ya maalimu na bakora yake, na leo nalikuta limetiwa alama ya mkato katikati na kuuzwa kama kitu kipya. Wala si Jordan peke yake. Frank Herbert katika Dune, kitabu cha mwaka 1965, alijaza jangwa lake maneno yetu: yumo Mahdi, na shujaa mwenyewe anaitwa Muad'Dib, ambalo kila aliyepita chuoni atasikia ndani yake neno la Kiarabu la mwenye kufundisha adabu. Mwaka 2024 nacho kilizaa mchezo wa televisheni. Watu hawa wametembea katika ghala letu wakabeba, na siwalaumu, kwa kuwa ghala halikuwa na mlinzi.

Najua wako kati yenu watakaosema, na waache mambo hayo huko huko, ni khurafa, ni kupoteza wakati, na mengine ni shirki tupu. Sheikh mmoja rafiki yangu ameniambia hivyo bila kumung'unya maneno. Nakubaliana naye kwa sehemu. Lile gurudumu lao la zama zinazozunguka na kurejea milele si itikadi yetu. Sisi twajua dunia ina mwanzo na ina siku ya kiyama, na mtoto ni lazima aambiwe hivyo anapotazama. Lakini kusema kwamba Mwislamu hana kazi na hekaya za ajabu ni kusahau mengi. Habari za Nabii Suleiman na majini waliomtumikia tulizisoma wapi? Alfu Lela Ulela, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili katika miaka ya 1920, ilisomwa katika baraza ngapi za Unguja na Mombasa na wazee waliokuwa na sijda kwenye paji la uso? Hekaya alizozikusanya Edward Steere Unguja na kuzichapisha mwaka 1870 zinaye nunda, paka wa sultani aliyeanza kwa kula ndama na mifugo mingine, na hakutosheka hata akawala watu. Mjoka yeyote wa Ulaya anisamehe, lakini mimi nunda ndiye aliyeninyima usingizi utotoni, kwa sababu alianzia kuwa paka wa nyumbani.

Basi kumbe niliyokuja kuyasema hayajaanza bado.

Machakos ina tamaa ya filamu. Baada ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013, palitokea mbio za kuufanya mji ule kitovu cha sinema na jina likapatikana, Machawood. Mbio zile zilipoa kiasi, lakini ziliacha vijana wenye kamera na hamu. Mpwa wangu alikuwa amewaambia baadhi yao kwamba mjomba wake ni mshairi wa pwani, na siku ya nne ya ziara yangu wakaja watano, wakavua viatu mlangoni, wakanisalimu shikamoo kwa heshima zote. Wakasema wanataka kutengeneza mchezo wa hekaya ya Kiafrika kwa misimu miwili, na wamemchagua Fumo Liyongo. Je, nitawaandikia mswada?

Nilifurahi, wallahi. Niliwauliza kwanza kwa nini wasianze na ya kwao, kwa maana Wakamba wanaye Syokimau, mwanamke aliyeona nyoka mrefu akitoka baharini akitema moto, miaka mingi kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899. Jina lake leo ni la kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka 2012, hapo hapo katika kaunti yao. Na ajabu ya mambo, nyoka yule mwenyewe aliupita mji wa Machakos kando, ndio sababu Nairobi ikakua na wao wakabaki na vilima vyao. Binti mmoja wa Kikamba akanijibu kuwa Syokimau yumo katika mipango, atafuata. Jibu hilo lilinipendeza, kwa kuwa hakujitetea.

Tukakubaliana sehemu sita kwa msimu wa kwanza. Maneno yawe ya Kiamu na Kipate panapofaa, na maandishi ya Kiswahili cha shule chini kwa asiyefahamu. Hapo walisita kidogo, wakakubali. Ujira waliotaja haukuwa mdogo kwa mtu anayeishi kwa kalamu, na paa langu lavuja tangu kusi iliyopita.

Kisha kiongozi wao akatoa daftari na kusema, kwa upole, “Ila Mwalimu, mwisho tumeubadilisha.”

Mnaijua habari, lakini niruhusuni niipitie. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo, anamfunga gerezani. Mamake anampelekea vyakula. Walinzi wanakula vizuri vyote, wanamwachia mkate wa wishwa kwa dharau, na ndani ya mkate huo imo tupa. Watu wanacheza gungu nje kwa ngoma na matoazi, na chini ya kelele ile anakata pingu zake. Haingii chuma mwilini mwake, wala mshale wala mkuki; kinachomwua ni sindano ya shaba ikidungwa kitovuni, na wanaoijua siri hiyo ni yeye mwenyewe na mamake. Mfalme anamnunua mwanawe kwa ahadi ya kumwoza binti yake. Mtoto anamwuliza babake siri, na baba, akijua kabisa kwamba anaulizwa kwa nini, anamwambia. Anadungwa usingizini. Anaamka na maumivu, anachukua upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale, na anafia katika hali ile. Mji mzima hauthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Mamake anatumwa kumbembeleza. Anamwimbia, anamsihi, hata mwili unaanguka. Wala mtoto hakuifaidi ile ndoa aliyoahidiwa.

Muhammad Kijumwa wa Lamu aliiandika habari hiyo katika utendi mwaka 1913, na kabla yake ilikuwa katika vinywa vya watu. Sasa vijana wangu wanataka Liyongo aing'oe sindano pale kisimani, asimame, na msimu wa pili auvamie mji wa Pate na jeshi. Wanasema mtazamaji akifiwa na shujaa wake hurudisha blanketi na kulala, hataki msimu wa pili.

Aliyewajibu si mimi, ni kile kijukuu changu chenye vitabu, kilichokuwa kimejibanza mlangoni. Akawauliza kama wamesahau Game of Thrones, ambayo katika msimu wake wa kwanza, mwaka 2011, ilimkata kichwa Ned Stark aliyedhaniwa ndiye shujaa, na watu wakarudi kwa misimu minane mpaka mwaka 2019, sehemu 73. Wakanyamaza. Nilitamani kumpa mtoto yule shamba.

Lakini usiku nilipolala, hoja nyingine ikanijia ya kunishitaki mimi. Shaaban Robert, ambaye sote twamwita mfalme wa kalamu, alifanya nini katika Adili na Nduguze, mwaka 1952? Alichukua kisa cha Alfu Lela, cha liwali wa Basra na ndugu zake wawili waliogeuzwa mbwa kwa husuda yao. Katika hekaya ya Kiarabu ndugu wale hawakutubu. Walipewa msamaha na mwishowe wakajaribu kumwua ndugu yao. Shaaban akaugeuza mwisho. Akawarudisha Hasidi na Mwivu katika utu wao, wakasameheka, wakaishi. Sijapata kumsikia mtu akisema aliharibu. Ikiwa yeye aliruhusiwa kuwaokoa Hasidi na Mwivu, kwa nini vijana wa Machakos wasiruhusiwe kumwokoa Liyongo? Ni kwa sababu wao hawana jina, au kwa sababu mimi natoka upande ule wa bahari na namwona Liyongo kuwa wangu?

Niligeuka kitandani sana. Nilichokipata ni hiki. Shaaban hakumwita mtu wake Abdallah wa Basra. Alimpa jina jipya, nchi mpya na mfalme mpya, akabeba mzigo wa hadithi mpya mabegani mwake mwenyewe. Tena aligeuza mwisho ili aseme neno, nalo ni kwamba hasidi naye aweza kupona. Hawa wanageuza ili pawe na msimu wa pili. Na jambo la tatu, ambalo ndilo lililoniuma: sindano ile haikuchomwa na adui. Mfalme na majeshi yake yote walishindwa. Imechomwa na mtoto aliyenunuliwa, na baba akamwachia kwa kuwa alishindwa kumnyima mwanawe jibu. Mng'oe Liyongo sindano, na umebaki na mtu mwenye nguvu anayepigana, na hao wako tele katika televisheni, kila chaneli.

Asubuhi niliwaeleza hivyo kwa chai ya tangawizi. Nikawaambia wakitaka shujaa asiyekufa wamtunge, wampe jina lao, nami nitawasaidia bila malipo. Lakini Liyongo kaburi lake huonyeshwa karibu na Kipini, na watu wa huko hawatawaelewa. Kiongozi wao akasema mwenye fedha ndiye anayetaka hivyo, si yeye. Nilimwamini. Yule binti wa Kikamba akaandika kitu katika daftari lake, akaniuliza kama mama alipokuwa akimwimbia kisimani alikuwa anajua kwamba mwanawe amekwisha kufa.

Ni miaka zaidi ya arubaini naujua utendi ule, na sijawahi kujiuliza swali hilo.

Nimerudi Lamu nimeandika sehemu zote sita. Ya sita inamalizika kisimani, mama amesimama mbali kidogo na ndoo, anaimba, na sikuandika kama anajua au hajui; nimemwachia yule binti, kwa kuwa yeye ndiye atakayeshika kamera. Mswada nimewapelekea. Wamesema watanijibu baada ya Maulidi, na paa bado lavuja.